Feruzi ya Bi Pamba

Nch.

Ni ulimi kugonga meno mara moja tu, sauti ndogo kama ya ufunguo unaogeuka kitasani. Binti wa Bi Pamba alikulia ndani ya sauti hiyo. Kabla hajajua kusoma alikwisha kuijua maana yake: mtu ameleta jiwe, mama amelipangusa kwa pamba iliyochovywa katika dawa ya kutolea rangi ya kucha, na pamba imetoka na rangi; jiwe ni la kuchovya, limetiwa rangi tu. Hapakuhitajika neno lingine. Mwenye jiwe aliitazama pamba, akamtazama Bi Pamba, kisha akalifunga jiwe lake katika leso aliyokuja nayo, taratibu kuliko alivyolifungua.

Jina la Bi Pamba alipewa na mtaa, wala hakulikataa. Binti naye, tangu alipoanza kusimama nyuma ya meza ya kioo, akaitwa Pamba Mdogo. Sasa ana mvi za kutosha na bado ni Mdogo. Duka lao ni chumba kimoja chembamba kinachotazama barabara. Mbele kuna ile meza, na juu yake kipande cha kitambaa cheusi. Kiti kiko dirishani, kwa sababu vito havikaguliwi kwa taa. Nyuma kuna pazia, na nyuma ya pazia ndiko wanakoishi, na harufu ya vitunguu vya mchana huwafikia wateja bila kuomba ruhusa.

Vinavyoletwa pale ni vitu vya zamani. Pete za mabibi waliokwisha kufa, vipini, hereni zilizobaki moja moja, mikufu iliyokaa sandukuni hadi fedha ikawa nyeusi kama sufuria. Wenyewe hutaka kujua jambo moja tu, kama ni vya kweli, na Bi Pamba aliwafundisha wote kwamba hilo si jambo moja.

"Geuza kwanza," alikuwa akimwambia binti yake. "Uso wa kitu kila mtu anautengeneza. Tazama mgongo."

Mgongoni ndiko kwenye alama ya fundi. Kila sonara wa zamani alikuwa na yake: huyu samaki, huyu herufi mbili ndani ya kisanduku, yule nyota yenye mguu mmoja mrefu. Alama ya kweli imezeeka pamoja na pete yake, kingo zake zimelainika kwa jasho lile lile la kidole kile kile. Ukiona pete imelika lakini alama ni kali kama imegongwa jana, basi imegongwa jana. Na Bi Pamba hakupenda mtu aharakishe hapo. Alama, alisema, ni jina la mtu ambaye hayupo kujitetea, usimsingizie.

Halafu ndipo lilipokuja jiwe. Kwanza lenzi, kutafuta rangi iliyojikusanya katika nyufa kama wino. Mwisho kabisa pamba, mbele ya macho ya mwenyewe, mahali pasipoonekana, na mara moja tu. Rangi ikitoka hairudi.

Yeye mwenyewe alivaa bangili ya fedha yenye jiwe moja la feruzi, la buluu inayokaribia kijani, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuja nayo kutoka safarini mwaka aliozaliwa binti, ameificha ndani ya soksi. Bi Pamba hakuivua. Alifua nayo, akapika nayo, akabishana na wauza sabuni huku ikimetameta.

Pamba Mdogo alipokuwa msichana, katika ule umri wa kuona kwamba anajua kila kitu, aliushika mkono wa mama yake kwa mchezo, akauvuta dirishani na kuiwekea bangili lenzi. Alama ilikuwa kitana kidogo chenye jino lililovunjika. Waliijua. Ilikuwa ya sonara mmoja mzee, marehemu tayari, ambaye hakuwahi kupachika jiwe asilolinunua likiwa bado ghafi. Na ilikuwa ya kweli, imelika sawasawa na fedha yake. Lakini ule ukingo mwembamba unaolishika jiwe ulikuwa na mikwaruzo ya chombo. Mtu mwingine aliufungua na kuufunga tena, kwa mkono mzito. Na jiwe lenyewe lilikuwa na buluu iliyojaa zaidi kwenye nyufa, kama vumbi kwenye kisigino kilichopasuka.

Msichana akafungua mdomo.

Bi Pamba akavuta mkono wake, akashusha mkono wa gauni hadi ukaifunika bangili.

"Hii haiko dukani," akasema. "Kachemshe maji ya chai."

Baba alikuwa nyuma ya pazia, amelala, anakoroma uchovu wa barabara. Chai ilichemshwa. Jambo hilo halikuzungumzwa tena, si siku hiyo, si baba alipofariki, si katika miaka yote ambayo mama na binti walikaa bega kwa bega wakiwaambia watu wengine ukweli wa mawe yao.

Kisha ugonjwa ukaanza, nao ulianza kwa adabu. Chumvi ikatiwa mara mbili. Fundi cherehani wa chumba cha pili akaitwa kwa jina la baba yake. Bi Pamba akatoka kwenda sokoni akarudi na kikapu kitupu na hasira, kwa kuwa soko lilikuwa limehamishwa bila yeye kuambiwa. Daktari alilitaja jina la ugonjwa, akasema utatembea polepole, na binti akangoja aseme la pili, la dawa. Hakukuwa na la pili.

Kilichowashangaza watu ni mikono. Mikono haikusahau. Bi Pamba aliweza kumwuliza binti yake, "Wewe dada, umeajiriwa lini?" na papo hapo akachukua hereni ya mteja, akaigeuza, akataja fundi wake. Fundi cherehani, ambaye alikuwa akimwita mchumba tangu enzi za mumewe, na mumewe akicheka, aliendelea kusimama mlangoni kila asubuhi na futi yake ya kupimia shingoni.

"Mchumba, nikague na mimi leo. Mimi ni wa kweli au wa kuchovya?"

"Wewe sihitaji hata pamba," Bi Pamba alijibu bila kuinua macho. "Unachuja ukiwa umesimama."

Watu wakacheka, na Pamba Mdogo akacheka, na kwa muda kidogo ilionekana kama ingewezekana kuishi hivyo.

Asubuhi lilipotokea jambo lile, Pamba Mdogo alikuwa akifagia mbele ya mlango. Akakisikia kile kisauti dirishani, akadhani mteja amepita nyuma yake. Hakukuwa na mteja. Mama alikuwa kitini pake. Ameivua bangili, ameiweka juu ya kitambaa cheusi, na kati ya vidole vyake kulikuwa na kijiti cha pamba, ncha yake buluu.

"Nani kaleta hii?"

"Mama..."

"Nauliza mwenyewe yuko wapi. Unamwacha mteja aondoke kabla hajaiona pamba? Nimekufundisha hivyo?"

"Ni yako, Mama. Ni bangili yako."

Bi Pamba akacheka. "Yangu! Mimi, nivae jiwe la kuchovya? Mtaa mzima utakuja kunikodolea macho."

Kisha akautazama mkono wake. Palikuwa na mstari mpana wa ngozi iliyopauka, ngozi isiyojuana na jua. Akaipeleka bangili pale kama mtu anayejaribu kifuniko juu ya chungu. Ikakaa.

"Nani alinipa?"

"Baba."

Nje baiskeli ilipita ikigonga kengele.

"Alijua?"

Pamba Mdogo hakuwa amewahi kumdanganya mtu aliyesimama mbele ya meza ile. Lakini huyu alikuwa amekaa, na alikuwa mama yake. "Hakujua," akasema. "Angejuaje, Mama? Kauziwa tu."

"Mume wangu?" Macho yakawaka. "Mume wangu aliijua tairi yenye ubovu kwa mlio wake, huku amelala kitandani na gari likipita nje. Nyumbani ana mke wa kazi hii. Halafu anunue jiwe kama anayenunua embe gizani? Unamwita mjinga, na mimi niko hapa nakusikiliza?"

Hakulia. Alishusha mkono wa gauni ukaifunika bangili, akakaa hivyo hadi jua lilipohama dirishani. Jioni alikuwa amekwisha kusahau, akala vizuri, akaulizia sukari. Pamba Mdogo akashukuru.

Kesho yake asubuhi: nch.

Ndipo alipoelewa kilichotokea. Mama yake alikuwa akijua siku zote. Mtu wa kazi ile angekosaje kujua? Alijua, akaamua kutolipangusa jiwe lile, na uamuzi huo alikuwa akiufanya upya kila asubuhi ya maisha yake, kimya kimya, kama mtu anayefunga vifungo. Sasa ugonjwa ulikuwa umepita ukachagua. Ujuzi uliuacha. Uamuzi uliuchukua.

Siku nyingine alijaribu jibu la upande wa pili. Mama alipouliza kama baba alijua, akamshika mkono. "Alijua, Mama. Alitaka la kweli, hakuweza. Akaleta alichoweza. Alikupenda."

Bi Pamba aliutoa mkono wake taratibu.

"Basi kila aliporudi safarini," akasema, "nikimpokea mzigo, alikuwa akiutazama mkono wangu na kunyamaza."

Siku hiyo hakula. Fundi cherehani alileta mkate laini, akaleta na utani, vyote vikabaki mezani.

Na jiwe likaanza kupauka. Kila asubuhi pamba iliondoka na kidogo, na jiwe lililokuwa la rangi ya feruzi likawa kama anga ya mchana wa joto, kisha kama maji yaliyofuliwa shati jipya. Huko chini lilikuwa jiwe jeupe la kawaida, jepesi, la kuokotwa. Mama alikuwa akikifuta kitu pekee alichobaki nacho cha mumewe, kwa uangalifu mkubwa, kwa namna aliyomfundisha binti yake mwenyewe.

Pamba Mdogo akaificha ile dawa. Bi Pamba akavuka hadi kwa msusi wa upande wa pili wa barabara, akarudi na chupa nzima. Nani angemnyima? Alipoambiwa asimpe tena, msusi alishika kifua. "Dada, kanisalimia kwa jina la marehemu mama yangu. Ningefanya nini?"

Akaificha bangili. Mama alifungua makabati, akapekua chini ya godoro, akaja dukani amelishika lile eneo lililopauka mkononi kama anayeshika kidonda. Ikarudishwa kabla ya saa sita.

Akajaza maji katika chupa ya dawa. Bi Pamba akainusa. "Mwanangu," akasema kwa upole, "unaniuzia maji?"

Halafu akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu isipokuwa fundi cherehani. Alinunua rangi ya nguo, ya buluu na ya kijani, akazichanganya katika kikombe cha chai, akalichovya jiwe la mama yake. Yeye, aliyewaaibisha wachovyaji wa kila aina, alisimama jikoni akingoja jiwe linywe. Likanywa vizuri. Kwa mbali lilikuwa jipya kabisa. Asubuhi pamba ilitoka imelowa buluu, na vidole vya Bi Pamba navyo.

"Rangi mbichi hii!" Bi Pamba alishangaa hadi akatabasamu. "Aliyefanya hivi hata kusubiri ikauke hakuweza. Mtoto wa shule huyu. Nani kaleta?"

"Sasa umejua mimi nasikiaje nikishona suti ikarudi," fundi cherehani alimwambia baadaye, akitaka kumchekesha. Alipoona hacheki akaongeza, "Mpe basi la kweli."

Lilikuwa wazo la mtu wa nguo. Kiraka kikifanana na kitambaa, shati limepona. Pamba Mdogo alilikataa, kisha usiku wote wazo likakaa naye, na kulipopambazuka alikuwa amelikubali. Ndani ya droo alikuwa na pete iliyovunjika yenye feruzi safi. Akaipeleka kwa mkata mawe, akamwachia na kipimo. Mama alipolala mchana, akamvua bangili, akaufungua ule ukingo kwa kisu chembamba, akalitoa jiwe la zamani, akalifunika kwa pamba ndani ya kiberiti. La kweli likaingia bila kulazimishwa. Aliufunga ukingo kwa haraka, kwani kitanda kilikuwa kimeanza kulia nyuma ya pazia.

Asubuhi alisimama na fagio asifagie.

Bi Pamba akaivua bangili. Akachovya pamba. Akapangusa, akatazama. Nyeupe. Akapangusa tena, kwa nguvu. Nyeupe.

"Feruzi," akasema. "Ya kweli hii. Safi kabisa."

Pamba Mdogo akaegemea ukuta. Hakujua kwamba alikuwa amechoka kiasi kile.

Lakini mama alikuwa amekwisha kuchukua lenzi, kama mkaguzi yeyote anavyofanya jiwe likifaulu, kuridhika tu. Akatazama. Akaisogeza bangili karibu zaidi na dirisha. Akatazama tena, muda mrefu.

"Unywele uko wapi?"

"Unywele gani, Mama?"

"Hapa. Palikuwa na ufa mdogo kama unywele, unaanza pembeni, unapinda." Kidole kilikuwa kikiuchora ufa juu ya jiwe lisilokuwa nao. "Na ukingo umefunguliwa. Jana au juzi. Mkono wa haraka." Akainua uso, na uso ule haukuwa wa mtu anayemjua mtoto wake. "Wewe dada. Umeniibia jiwe la mume wangu."

"Mama, ni mimi."

"Nakujua wewe. Unakaa hapa kila siku unanitazama mkono. Mwizi!"

Sauti ilitoka hadi barabarani. Msusi alisimama mlangoni kwake na kitana hewani. Fundi cherehani akaja mbio, futi ikimpigapiga kifuani.

"Mchumba! Mwizi yuko wapi nimpime suti ya jela?"

"Huyu."

Fundi alimtazama Pamba Mdogo, akaivua ile futi shingoni, akaikunja, akaikunjua.

"Mwambie arudishe," Bi Pamba alimwomba fundi cherehani. "Sitaki polisi. Sitaki kumfukuzisha kazi. Nataka jiwe langu tu."

"Lilikuwa la kuchovya, Mama!" Pamba Mdogo alijisikia akipaza sauti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ugonjwa ulipoingia. "Unasema mwenyewe kila siku. Kila siku ya Mungu unalipangusa na kuumia. Hili ni la kweli. Nimekutafutia la kweli!"

"Lile la kuchovya lilikuwa langu," alisema Bi Pamba.

Fundi cherehani akatoka bila kuaga, akiwaondoa watu mlangoni kwa mikono miwili kama anayefukuza kuku.

Kiberiti kikaletwa. Pamba Mdogo alikaa chini, karibu na magoti ya mama yake, dirishani, ili kila kitu kionekane. Akaufungua ukingo tena, na fedha ile ya zamani, iliyochoka kufunguliwa, ikapasuka kidogo upande mmoja. Akalitoa la kweli, akaliweka kando. Akaliweka lile jeupe mahali pake. Buluu ilikuwa imebaki ndani ya ufa peke yake, mstari mmoja mwembamba uliopinda. Akaulaza ukingo kidogo kidogo kwa mgongo wa kisu, akizunguka, akiukwepa mpasuko, na muda wote huo alisikia pumzi ya mama juu ya utosi wake. Walikuwa wamekaa hivi hivi siku alipofundishwa kupachika, ila siku hiyo pumzi ilikuwa na maneno.

Bi Pamba akaipokea. Akaigeuza mgongo, akakisoma kile kitana chenye jino bovu. Akaigeuza uso, akaweka lenzi, akautafuta ufa. Mabega yakashuka.

"Hili ndilo," akasema. Akaivaa.

Walikaa. Cherehani ya chumba cha pili ikaanza kulia, ikasita, ikaanza tena. Mama aliinyoosha mikono yote miwili juu ya mapaja, akawa anaitazama bangili kama mtu anayetazama sura anayoifahamu mahali asipoitegemea.

"Limekuwa jeupe," akasema baadaye.

"Ndiyo, Mama."

"La kuchovya hili."

"Ndiyo."

"Nani alinipa?"

"Baba."

Pamba Mdogo aliliona swali likija. Aliliona usoni kabla halijafika mdomoni, na alitafuta jibu kama alivyolitafuta jana na juzi. Akisema hakujua, amemfanya baba mjinga. Akisema alijua, amemfanya mwongo. Angeweza kuuliza mtu, lakini nani? Sonara wa kitana alikuwa amekufa, na yule wa mkono mzito hakuwa ameacha alama. Baba alikuwa kaburini. Pengine siku moja, katika miaka ile yote, mama alimwuliza mumewe nyuma ya pazia, na mumewe akajibu, na jibu lile ndilo lililomfanya aivae bangili hadi leo. Kama ni hivyo, mtu pekee aliyebaki duniani aliyewahi kulisikia jibu alikuwa huyu hapa, ndiye anayeuliza.

"Alijua?" Bi Pamba aliuliza.

Binti yake akaiweka mikono juu ya bangili, juu ya mkono, akaishika hapo, na akasema kwa sauti ya chini kiasi kwamba mama alilazimika kuinama:

"Sijui, Mama."